Bildi, Kina na Nukta: Istilahi za Vifaa vya Kupimia Maji na Kuonyesha Mahali Baharini

Mfasiri anayeletewa kitabu cha maelekezo ya kifaa kipya aghalabu hujiuliza kwanza: kifaa hiki tukiite nini? Swali hilo ni la haki, ila si lenye uzito kuliko yote. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa vifaa viwili ambavyo siku hizi hufungwa hata katika mashua za mbao, kwamba hatari kubwa haimo katika maneno tusiyokuwa nayo. Imo katika maneno tuliyo nayo tangu zamani, ambayo kila mtu hudhani anayaelewa.

Kifaa cha kwanza hupima kina cha maji kwa mwangwi wa sauti, na huonyesha samaki waliopo kati ya chombo na sakafu ya bahari. Cha pili hupokea ishara za satelaiti, hukadiria mahali chombo kilipo, kisha hupaonyesha mahali hapo juu ya ramani ya bahari iliyomo katika kioo chake. Mara nyingi vifaa hivi viwili huunganishwa katika sanduku moja lenye kioo kimoja. Anayevitumia hutegemea maneno machache na tarakimu chache. Neno moja likiwa na maana mbili, tarakimu iliyo sahihi kabisa yaweza kumpeleka mwambani.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kuondoa utata mmoja ulio mlangoni. Neno chombo, kwa mtu wa pwani, ni jahazi, mashua, dau au ngalawa. Kwa mtu wa ofisini na shuleni ni kitu cho chote cha kufanyia kazi. Mfasiri akiandika "funga chombo chini ya chombo", ametoa amri ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuitii. Kwa hiyo hapa chombo ni kile cha kusafiria majini tu. Kingine cho chote ni kifaa. Tunawashauri wafasiri wa maelekezo ya baharini washike kanuni hiyo toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

1. Bildi ya kamba na bildi ya mwangwi

Zamani, nahodha alipoingia maji asiyoyajua, alimwamuru baharia atie bildi. Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ndefu. Kamba hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, kadiri ya mita 1.8. Baharia huitupa bildi mbele ya chombo, huihisi ikigonga chini, naye hutangaza idadi ya pima. Mabaharia wa Ulaya walikuwa wakipaka shahamu chini ya risasi hiyo, ili inase mchanga au tope na kuwajulisha ni sakafu ya namna gani iliyo chini yao.

Kifaa kipya hufanya kazi ile ile, isipokuwa badala ya kamba hutumia sauti. Mjerumani Alexander Behm alipata hataza ya kupima kina kwa mwangwi mwaka 1913. Na mwaka 1948 ndugu wawili wa ukoo wa Furuno, huko Japani, walianza kuuza kifaa cha namna hiyo kilichokusudiwa wavuvi. Kanuni yake ni nyepesi. Sauti husafiri katika maji ya bahari kwa mwendo wa karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kifaa hutoa mlio mfupi kuelekea chini, husubiri mwangwi, hupima muda uliopita, kisha hugawanya kwa mbili kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi. Mwangwi ukirejea baada ya sehemu mbili za mia za sekunde, sauti imesafiri mita 30. Sakafu, basi, iko mita 15 chini.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kifaa hiki kiitwe bildi ya mwangwi. Mfasiri aweza kushawishika kuandika kitafutasamaki, kwani ndivyo majina ya kigeni yanavyodokeza. Twaona jina hilo linaahidi mno. Kifaa hakimtafuti samaki. Husikiliza tu mwangwi wa kitu cho chote kilicho chini yake. Samaki wengi huonekana vizuri kwa sababu wana kibofu cha hewa tumboni, na hewa ndani ya maji hurudisha sauti kwa nguvu. Papa na taa hawana kibofu hicho, kwa hiyo mwangwi wao ni hafifu. Mvuvi aliyeambiwa kwamba amenunua kitafutasamaki atadhani maji hayana papa, kumbe kifaa ndicho kisichomsikia vema.

Neno bildi si geni, na kulipanua maana si jambo la ajabu katika lugha yetu. Rubani alikuwa mwongozaji wa vyombo baharini kabla hajawa mwendeshaji wa ndege. Dira ilikuwa ya nahodha kabla haijawa ya mipango ya serikali. Lugha iliyompandisha rubani angani haishindwi kuishusha bildi ya mwangwi majini.

2. Kigeuzi na mahali pa kukifunga

Sehemu ya bildi ya mwangwi inayozama majini hugeuza nguvu ya umeme kuwa sauti, na mwangwi unaporejea hugeuza sauti kuwa umeme. Tunaiita kigeuzi. Jina hili limetokana na kitenzi geuza, nalo linaeleza kazi yenyewe bila kuhitaji ufafanuzi mrefu. Kioo kikiwa kibovu mtu hukiona. Kigeuzi kikifungwa vibaya hakuna anayekiona, ila taarifa zote huwa za uongo.

Adui wa kigeuzi ni hewa. Mapovu hurudisha sauti kabla haijafika sakafuni. Kwa hiyo kigeuzi hakifungwi karibu na rafadha, yaani mapanga yanayosukuma maji nyuma ya mashine, wala hakifungwi nyuma ya kichwa cha msumari au ukingo wa ubao unaovuruga maji. Katika chombo chenye mashine ya kuning'inia nyuma, kigeuzi hufungwa kwenye ubao wa tezi, upande ambao mapanga ya rafadha hushuka, kwa kuwa upande wanakopanda huwa na mapovu mengi zaidi. Uso wake sharti uelekee chini moja kwa moja chombo kikiwa na shehena yake ya kawaida; kikiinama, mwangwi hurudi kwingine.

Vipo vigeuzi vinavyobandikwa ndani ya chombo, vikapeleka sauti kupitia gamba lake. Njia hiyo hufaa vyombo vya faibaglasi iliyo ngumu tupu, wala si ile yenye povu au ubao katikati yake. Haifai mashua ya mbao, kwa sababu mbao huwa na hewa ndani ya nyuzi zake na huimeza sauti. Katika mashua ya mbao, ama kigeuzi hufungwa nje kwenye tezi, ama ubao hutobolewa kwa keekee na kigeuzi hupitishwa. Kinachopitishwa katika mbao kiwe na mwili wa shaba nyeusi, kisiwe cha plastiki. Mbao hulowa zikavimba, nazo zaweza kuubana mwili wa plastiki hata ukapasuka, maji yakaingia. Tundu lizibwe kwa dawa ya kuzibia ifaayo chini ya maji, na fundi akikague mara tu chombo kinaposhushwa.

Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, ukiwa na fyuzi yake karibu na nguzo chanya. Waya wa kigeuzi usifungwe pamoja na nyaya za mashine, maana umeme wa mashine hutia madoa ya uongo katika kioo. Antena ya satelaiti iwekwe mahali inapoiona mbingu wazi. Na kifaa chenyewe kisiwekwe ubavuni mwa dira: sumaku na umeme wake vyaweza kuipotosha sindano, na siku betri itakapokwisha nahodha hatakuwa na kingine ila dira hiyo.

3. Kioo hakionyeshi picha

Mafunzo mengi ya kutumia bildi ya mwangwi huanguka kwa sababu ya neno picha. Anayeambiwa kuwa kioo ni picha ya chini ya bahari hudhani upande wa kushoto wa kioo ni kushoto kwa chombo. Sivyo. Ukingo wa kulia wa kioo ni mwangwi wa sasa hivi. Kadiri unavyokwenda kushoto ndivyo unavyorudi katika wakati uliopita. Kioo ni mwandiko wa mwangwi, mstari baada ya mstari, kama daftari linaloandikwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Chombo kikiwa kimetia nanga na samaki mmoja akatulia chini yake, kioo kitaonyesha mstari mrefu, na asiyejua atasema ameona samaki mrefu ajabu. Samaki anayekatiza mwale wa sauti huonekana kama upinde: yu mbali na kigeuzi anapoingia, karibu anapokuwa katikati, mbali tena anapotoka. Tunapendekeza basi mwandiko wa mwangwi badala ya picha.

Sakafu ngumu huonyesha ukanda mnene, na pengine mwangwi wa pili chini yake. Sakafu ya tope huonyesha ukanda hafifu. Hivyo kioo kimerithi hata kazi ya ile shahamu ya bildi ya kamba.

4. Kina ni kipi?

Sasa tunafika kwenye kiini cha mambo. Kitabu cha maelekezo husema: "Weka king'ora kilie kina kikiwa mita 1." Sentensi hii ni Kiswahili safi, na kila mtu ataielewa. Kwa bahati mbaya, watu watatu wataielewa kwa njia tatu.

Tuchukue mashua ambayo kigeuzi chake kiko sentimita 40 chini ya uso wa maji, na mkuku wake uko sentimita 60 chini ya kigeuzi. Kifaa kinasoma mita 2.0. Tarakimu hiyo imepimwa toka kigeuzi hadi sakafu. Maji yenyewe, toka uso wake, yana mita 2.4. Chini ya mkuku imebaki mita 1.4 tu. Tarakimu tatu, mahali pamoja, wakati mmoja, nazo zote ni kweli.

Tuirudie sentensi ya king'ora. Kama kifaa kinapima toka kigeuzi, king'ora kitalia mkuku ukiwa umebakiwa na sentimita 40. Kama kimewekwa kupima toka uso wa maji, kitalia pale ambapo maji yana mita 1 kamili. Na mashua hii huzama mita 1 kamili. Yaani king'ora kitalia mkuku umekwisha kugusa mwamba. Fundi hakukosea, kifaa hakikukosea, nahodha hakukosea. Neno kina ndilo lililoachwa peke yake.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba katika maelekezo ya kifaa hiki neno kina lisiandikwe kamwe bila msaidizi wake. Pawe na kina cha maji, kuanzia uso wa maji; kina cha kigeuzi, kuanzia kigeuzi; na nafasi ya mkuku, kuanzia ncha ya chini ya mkuku. Hapo mwisho tumeacha neno kina makusudi, ili mwenye haraka asichanganye. Kiasi ambacho chombo huzama majini tunapendekeza kiitwe mzamo. Tarakimu inayotiwa katika kifaa ili kipime toka mahali tunapotaka iitwe rekebisho la kina. Katika vifaa vingi rekebisho la chanya huleta kina cha maji, na la hasi huleta nafasi ya mkuku. Lakini afungaye hana budi kuthibitisha kwa bildi ya kamba, chombo kikiwa bandarini na maji yametulia.

Pia kuna kina cha nne, nacho ni cha ramani. Namba zilizoandikwa katika ramani ya bahari hupimwa toka usawa wa chini sana ambao maji hushukia, ili nahodha aonyeshwe hali iliyo mbaya kuliko zote. Katika pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua sana. Kwa hiyo ramani yaweza kusema mita 1 mahali ambapo bildi inasoma mita 4, na zote mbili zikawa kweli. Mwalimu asiyelieleza jambo hili atawafanya wanafunzi wake waidharau ramani. Saa sita baadaye, maji yakiwa yamekupwa, ramani itakuwa imelipiza kisasi. Hiki tunakiita kina cha ramani.

Tena kuna vipimo. Kifaa kimoja chaweza kuonyesha mita, futi au pima kwa kubonyeza kitufe. Tarakimu 6 ni salama ikiwa ni pima, na ni hatari kwa vyombo vingi ikiwa ni futi, kwani futi 6 ni pima moja tu. Kila tarakimu iandikwe pamoja na kipimo chake.

5. Maji baridi na masafa

Katika orodha ya marekebisho, kifaa humtaka mtumiaji achague aina ya maji: ya bahari au ya ziwa. Chumvi hubadili mwendo wa sauti na kiasi kinachopotea njiani. Mfasiri ataandika nini? Neno la kawaida kwa maji yasiyo na chumvi ni maji baridi. Lakini kioo hicho hicho huonyesha pia joto la maji, na mvuvi wa bahari anayeona maji ni ya baridi alfajiri atachagua "maji baridi" kwa moyo mweupe. Hapa tunapendekeza maji ya bahari na maji ya ziwa au mto. Ni maneno mengi zaidi, ila hayana shaka.

Neno la pili ni masafa. Msikilizaji wa redio analijua katika habari za mitambo ya utangazaji, mahali linapotumika kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Msafiri analijua kwa maana ya umbali. Katika kioo kimoja chenye vifaa viwili, maana zote mbili hukutana: "masafa 200" yaweza kuwa kilohezi 200 za sauti, au umbali wa mita 200 hadi alama iliyo mbele. Tunapendekeza marudio kwa mitetemo, umbali kwa umbali, na neno masafa liachwe kando katika vitabu vya vifaa hivi.

Mtumiaji anahitaji kuyajua marudio, maana ndiyo anayoyachagua. Vifaa vingi hutoa kilohezi 50 na kilohezi 200. Marudio ya 200 hutoa mwale mwembamba na kutofautisha vizuri vitu vilivyo karibu, nayo hufaa maji ya kina kifupi. Marudio ya 50 hutoa mwale mpana na kufika chini zaidi, lakini huchanganya vitu vilivyokaribiana. Ziwa Victoria, ambalo kina chake hakizidi sana mita 80, halikisumbui kifaa cha kawaida. Ziwa Tanganyika, ambalo lina mahali pa kina cha mita 1,470, litakishinda kifaa kidogo. Kioo kitapoteza sakafu, na pengine kitaonyesha tarakimu ya zamani ikimweka-mweka. Maelekezo yaseme wazi kwamba tarakimu inayomweka-mweka si kipimo. Ni kifaa kinachokiri kwamba hakisikii.

6. Kionyeshamahali na balaa ya nukta

Kifaa cha pili twaweza kukiita kionyeshanjia, na jina hilo lingependeza masikioni. Twalikataa kwa sababu ile ile tuliyolikataa kitafutasamaki. Kifaa hiki hujua mahali chombo kilipo. Hakijui wapi pa kupita. Ukikiomba kikupeleke kutoka alama moja hadi nyingine, vifaa vingi huchora mstari ulionyooka, ukapita juu ya fungu la mchanga, mwamba au hata nchi kavu. Jina kionyeshamahali huahidi kile tu kinachotekelezwa.

Mahali husemwa kwa latitudo na longitudo, na hapa ndipo neno moja dogo linapotutisha. Nukta, katika Kiswahili, ni sehemu ya sitini ya dakika. Nukta vilevile ni alama itenganishayo namba nzima na desimali. Mwanafunzi husoma "tatu nukta tano". Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutuokoa. Baharini muktadha hauokoi, kwa sababu kionyeshamahali hukubali njia zote mbili: nyuzi, dakika na sekunde, au nyuzi na dakika zenye desimali.

Tuseme nahodha anatajiwa kwa simu mahali pa kupitia: "nyuzi sita, dakika arobaini na tisa nukta thelathini, kusini." Mmoja ataandika dakika 49 na sekunde 30. Mwingine ataandika dakika 49.30. Sekunde 30 ni nusu ya dakika, yaani 0.50, ilhali 0.30 ya dakika ni sekunde 18. Tofauti ni 0.20 ya dakika. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852; kwa hiyo manahodha hao wawili watatofautiana kwa mita 370 hivi. Milango mingi kati ya miamba ni myembamba kuliko hivyo. Na chombo kinachoomba msaada usiku, mawimbi yakiwa makubwa, mita 370 zatosha kisionekane.

Tunapendekeza kwa mkazo kwamba katika maandishi na mazungumzo ya baharini neno nukta lisitumike kabisa. Sehemu ya sitini ya dakika iitwe sekunde, na alama ya desimali isomwe desimali: "dakika arobaini na tisa desimali tatu sufuri". Tunajua kwamba nukta ni neno zuri na la kale. Hatulifuti katika lugha. Tunaliomba libaki pwani chombo kikiondoka.

Jambo lililo karibu na hilo ni msingi wa ramani, yaani umbo la dunia ambalo wapimaji walilichukua walipoandika latitudo na longitudo. Satelaiti hutumia msingi uitwao WGS 84. Ramani nyingi za nchi kavu za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960. Namba zikichukuliwa kutoka ramani ya namna moja na kutiwa katika kifaa kilichowekwa kwa namna nyingine, mahali pataruka kwa mita mia kadhaa. Mtumishi anayeandika barua yenye latitudo na longitudo ataje pia msingi wake, kama anavyotaja tarehe.

7. Njia, mapito na uelekeo

Kionyeshamahali huweka alama, huunganisha alama ziwe mstari, na huandika mahali chombo kilikopita. Alama hizo tusiziite vituo, kwani kituo ni mahali pa kusimama, na chombo hakisimami hapo. Alama ya njia yatosha. Mstari uliopangwa kabla ya safari tunauita njia. Mstari ulioandikwa na kifaa chombo kilipokuwa kikienda tunauita mapito. Tofauti hii ina faida kubwa. Njia ni nia ya mtu. Mapito ni jambo lililotendeka. Nahodha anayetaka kurudi usiku kwa usalama hufuata mapito yake ya mchana, mahali ambapo mkuku wake umekwisha kupita, naye huangalia kwamba maji hayajakupwa tangu hapo.

Hali kadhalika tutenganishe uelekeo wa omo na uelekeo wa mwendo. Uelekeo wa omo ni kule mbele ya chombo inakotazama, nao husomwa katika dira. Uelekeo wa mwendo ni kule chombo kinakokwenda kwa kweli, nao husomwa katika kionyeshamahali. Pwani ya Tanzania ina mkondo mkubwa unaokwenda kaskazini mwaka mzima. Chombo kinachovuka kwenda mashariki huku omo ikitazama mashariki barabara kitajikuta kaskazini mwa mahali kilipokusudia. Mabaharia walilijua hilo kabla ya satelaiti. Kifaa kimewapa tarakimu; lugha inapaswa kuwapa maneno mawili ya kuzisomea.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kati ya maneno yaliyotusumbua, mengi si ya kigeni. Chombo, kina, maji baridi, masafa na nukta ni Kiswahili cha nyumbani. Kazi ya mfasiri haiishi anapopata jina la Kiswahili kwa kitu kipya. Huendelea mpaka ahakikishe kwamba jina la zamani halikubebeshwa mizigo miwili. Njia ya kuhakikisha ni nyepesi: asomewe nahodha sentensi iliyofasiriwa, kisha aulizwe atafanya nini. Asiulizwe kama ameelewa, kwani kila mtu husema ameelewa. Manahodha wawili wakifanya mambo mawili tofauti, sentensi irudi mezani.

Kwa manufaa ya wafasiri, walimu na watumishi wa idara zinazohusika, tunaorodhesha hapa istilahi tulizozipendekeza pamoja na maana zake:

Alama ya njia: mahali palipowekwa katika kionyeshamahali ili chombo kipapitie au kipaelekee.
Bildi ya mwangwi: kifaa kipimacho kina na kuonyesha samaki kwa mwangwi wa sauti.
Kigeuzi: sehemu ya bildi ya mwangwi igeuzayo umeme kuwa sauti na sauti kuwa umeme.
Kina cha kigeuzi: umbali toka kigeuzi hadi sakafu ya bahari.
Kina cha maji: umbali toka uso wa maji hadi sakafu ya bahari.
Kina cha ramani: kina kilichoandikwa katika ramani, toka usawa wa chini sana wa maji kupwa.
Kionyeshamahali: kifaa kionyeshacho mahali pa chombo juu ya ramani ya bahari.
Mapito: mstari wa mahali chombo kilikopita.
Marudio: idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde moja.
Msingi wa ramani: umbo la dunia linalotumika kuandikia latitudo na longitudo.
Mwandiko wa mwangwi: mistari ya mwangwi ionekanayo katika kioo, ya sasa ikiwa kulia.
Mzamo: kiasi ambacho chombo huzama, toka uso wa maji hadi ncha ya chini ya mkuku.
Nafasi ya mkuku: umbali toka ncha ya chini ya mkuku hadi sakafu ya bahari.
Njia: mstari uliopangwa kabla ya safari.
Rekebisho la kina: tarakimu itiwayo katika kifaa ili kina kipimwe toka mahali panapotakiwa.
Uelekeo wa mwendo: upande chombo kinakokwenda kwa kweli.
Uelekeo wa omo: upande ambao mbele ya chombo inatazama.

Istilahi haikamiliki mezani, hukamilika inapotumika. Wasomaji wanaoishi na wavuvi wa pwani na wa maziwa wanaombwa wayapeleke maneno haya kule yanakotakiwa kufanya kazi, na wayarudishe pamoja na makosa yake. Likipatikana huko neno lililo bora kuliko letu, tutalipokea kwa furaha, mradi liwe na maana moja.